Vidole Vitatu

Sikumwamini.
Nimeshona kofia miaka arubaini, Wete kisha Barka,
najua kidole gumba kinaweza nini:
kinasukuma sindano, kinalaza pindo,
kikichoka kinavaa subana.
Hakimtibu mtu aliyepasuliwa kifua.

Usiku wa tatu, Muskati, ghorofa ya nne.
Mashine inauhesabu moyo wangu kwa sauti
kama mdai asiye na haya.
Nikitaka kukohoa naukumbatia mto walionipa,
na mfupa wa kati unalia kama bawaba.
Dawa nimeshameza. Nyingine saa kumi.
Saa kumi ni mbali kuliko Salala.

Akaja Shamsa, muuguzi wa zamu,
Kiswahili chake cha kuokota jikoni kwa bibi yake:
"Lete mkono, bibi. Leo hapana sindano."
Akapima kwa vidole vyangu mwenyewe, vitatu,
kuanzia mkunjo wa kifundo,
akatafuta bonde baina ya kano mbili,
akatia nukta ya kalamu ya buluu.
Halafu akabonyeza.
Si kwa nguvu. Kama mtu anayejaribu tende sokoni.
"Vuta pumzi. Toa. Kuhesabu niachie mimi."

Sitasema maumivu yaliondoka,
nitakuwa muongo.
Yalisogea,
kama mgeni mnene mkekani anapompisha mwenzake,
nikapata pa kukaa.
Na ile hofu ambayo sikumwambia mtu,
hata Ghasani anayepiga simu kila magharibi kutoka Sohari,
hofu kwamba nikilala uzi wao utafumuka
(mafundi wa haraka nawajua mimi),
ikatuama polepole
kama machicha ndani ya mdila.

Alfajiri nikatawadha kwa bakuli.
Nukta haikutoka.
Nikacheka. Kosa! Kifua kikanikumbusha.

Siku ya tano kitanda cha pili kikapata mtu,
Mbulushi wa Suweki, hatuna lugha moja.
Anatazama dari. Macho yale nayajua.
Nikanyoosha mkono hadi mpira wa dripu uliponiruhusu.
Gumba langu lina kishimo cha subana;
likalijua bonde lake lenyewe.
Hakuuliza kitu.
Nikahesabu matundu ya kofia ya Ghasani
niliyoiacha Barka nusu,
moja, mbili,
thelathini hakufika, alilala.

Mimi nikaendelea mpaka sabini,
nisije nikarudi nyumbani nimesahau nilipoishia.