Herufi ya Kwanza

Ndani ya kompyuta ya mume wangu
mimi si Õnne.
Herufi yangu ya kwanza imeliwa na mdudu,
nimebaki nne,
kama namba ya mlango, kama nusu ya nane,
na mbele yangu alama ya kuuliza
imesimama kama bawabu.

Hillar anacheka. "Toleo lijalo," asema,
"toleo lijalo watakurudisha."

Alisema hivyo tulipokuwa tukipanda viazi.
Akasema tena Emajõgi ilipoanza kuganda,
barafu ikianzia kingoni, ikitambaa
kama ule mstari wa buluu kwenye skrini
ufikao asilimia tisini na tisa
ukakaa hapo,
ukakaa,
mpaka chai ikapoa.

Miaka thelathini na moja alitengeneza mashine za kukamulia.
Akisikia mlio tu alijua valvu ipi inavuja.
Sasa amestaafu, na mfumo endeshi huu,
unaoshonwa bure na watu asiowahi kuwaona
(kijana mmoja wa Brno,
mwanamke wa Montevideo ambaye, kwa hesabu zetu, halali)
ndio ng'ombe wake wa mwisho.
Na ng'ombe huyu anapiga mateke.

Ukimfunika, haamki.
Akiamka, saa yake inaapa kuwa ni Januari
ya mwaka elfu moja mia tisa na sabini,
mwaka ambao mimi na Hillar hatujajuana,
na naapa, kwa dakika moja hivi
hunitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.
Printa inatoa ukurasa wa kwanza tu:
bili ya umeme tunaijua salamu, hatuijui jumla.
Sauti inatoka spika ya kushoto peke yake,
upande wa sikio lake lisilosikia.

Mwanetu Tanel alipiga simu toka Tallinn.
"Baba, nitakununulia nyingine, yenye mfumo wa kulipia."
Hillar akaishika simu mbali na uso
kama mtu aliyeshauriwa aache mke
kwa sababu anakoroma.

Wanasema kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Hiki chetu hata hakijazaliwa
na kidonda tayari tunakiuguza.
Siku ya kutolewa imesogezwa mara tatu:
kwanza Oktoba, kisha "kabla ya theluji",
kisha wakaacha kutaja siku
wakaandika tu: likiiva.
Mvumilivu hula mbivu, sawa,
lakini mimi nimekuwa nikimwona
akila mbichi, na akiomba nyongeza.

Juzi usiku, baridi nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
niliamka nikakuta upande wake wa kitanda mtupu.
Jikoni, uso wake buluu kwa mwanga wa skrini,
amelala ameketi, penseli mkononi.
Nikalivuta daftari la kasoro. Sikuwahi kulisoma.
Kila moja ina tarehe na saa (ya ukutani, ile ya kweli):
kwanza printa, kisha sauti, kisha kipanya kinachoruka,
na mimi, jina langu,
wa kumi na saba.
Wa kumi na saba! Baada ya kipanya!
Nikanuna pale pale, usiku wa manane, pekupeku.

Halafu nikaona pembeni, kwa mwandiko mdogo:
imetumwa. Imetumwa. Imetumwa tena.
Printa aliilalamikia mara moja.
Mimi mara tisa,
na ya tisa ameiandika kwa kukandamiza
hadi penseli imetoboa karatasi.

Niliongeza gogo jikoni. Mlango wa chuma ukalia,
akashtuka, akafuta miwani.

"Limetoka?" nikamuuliza.
"Bado."

Nikavuta kiti cha pili,
nikageuza kompyuta kidogo
nami niwe naona.