Koo la Turubai

Nimeshona kanzu za mabwana harusi, foronya, mapazia,
buibui la Mwana Khuzema lililopasuka siku ya ziara,
lakini hili sikuwahi kuombwa:
bomba la turubai, mita kumi na nane,
upana wa ndoo ya zege,
mshono mara mbili, lisivuje.

"Lisivuje nini?"
"Upepo," akasema Obura.

Alikaa kwenye kigoda cha wateja hapa Langoni,
kope nyeupe kama mtu aliyetoka kupepeta unga.
Vumbi la Maweni halitoki kwa maji ya kwanza.
Akanichorea shimo lao nyuma ya kalenda:
kwanza chini, wima, kisha ubavuni,
kufuata jiwe jeupe lisilo ufa,
na mwisho wa ubavu huo, watu wanne na misumeno.

Wiki iliyopita waliteremsha pampu ya petroli, wakaushe maji.
Fanusi ikafifia, na mafuta tele tumboni.
Bunu, ndugu yangu, akacheka, akasema ni utambi.
Kisha akakaa chini, taratibu,
kama mtu aliyechoshwa na harusi.
Walimtoa kwa kamba.
Kichwa kilimgonga siku tatu; mama alisema ni jicho.

Obura hakubishana na mama.
Ujana wake aliuacha Kiwira, kwenye makaa ya mawe.
Kule, asema, hewa mbaya haina rangi wala salamu,
na vumbi likikosa maji hungoja cheche tu.
"Hewa si mgeni wa kukaribishwa akae.
Mpe mlango wa kuingilia, mpe na wa kutokea."

Nikacheka. Hilo nalijua tangu utotoni.
Nyumba ya bibi, kuta nene, madirisha ya kuchungulia,
ingetupika sote msimu wa joto
lau si kile kiwanda katikati, wazi hadi mbinguni:
joto likipanda huko, ubaridi huvutwa mlangoni.
Basi toboeni tundu la pili, nikamwambia,
kule mwisho wa ubavu.
Akanitazama kitambo. Akaandika.

(Kuta zile nazo zilikatwa na mtu.
Alikwenda kukohoa wapi, hatukuuliza.)

Nimeshona masiku matatu, sindano mbili zimevunjika.
Bomba likajaa chumba, likapita mlangoni, likalala barazani;
paka wawili wakahamia ndani.
Tulipolijaribu kwa feni ya mwanangu likaamka lote,
likanyooka, likaangusha vikombe.

Sasa liko Manda, linapuliza.
Jiwe linamwagiwa maji kabla ya msumeno.
Pampu imebaki juu, inanguruma peke yake.
Kwenye tundu la pili wamefunga utepe wangu mwekundu wa satini:
ukicheza, shukeni;
ukilala, hakuna wa kushuka, hata tajiri afoke.
Pesa zangu bado nusu.

Tumeagana hivi: kila asubuhi Bunu anibipu.
Mara moja, utepe wacheza.
Mara mbili, umelala.

Leo simu imeita kapuni, kati ya nyuzi, mara mbili.
Nikaondoa mguu kwenye pedali.
Wako juu, basi. Wamekaa juani, wanagombania kahawa,
siku yao imepotea, tajiri anahesabu hasara.
Sijawahi kufurahi hivi,
watu wangu kukosa kazi.