Maneno Hamsini ya Kibao

Manispaa wameniandikia: maneno hamsini,
yasizidi, ya kibao cha kituo cha basi,
historia fupi ya kitongoji, kwa ajili ya wageni.
Wageni gani? Basi la mwisho hupita saa mbili usiku
na anayeshuka ni Adérito peke yake,
naye hasomi vibao,
husoma uso wa mkewe dirishani.

Nianze na jina. Alto da Rolha, Kilima cha Kizibo.
Watu wa bondeni walitubandika kwa dhihaka,
kwa kuwa kila aliyeshuka kwao Jumapili
alinuka magome yaliyochemshwa.
Dhihaka tukaivaa kama koti la marehemu:
mabegani inapwaya, lakini ina joto.
Kutoka hapa Lisbon inaonekana yote, ng'ambo ya mto,
ikinywa divai tuliyoiziba sisi.

Hamsini zimekwisha, na kiwanda bado sijakijenga.

Magome ya mwaloni yalikuja kwa treni kutoka kusini,
yakarundikwa uani hadi yakapita paa.
Wanaume walichemsha. Wanawake walichambua:
kizibo cha kwanza, cha pili, cha kutupa.
Bibi yangu Zulmira alichambua miaka thelathini na mmoja,
kwa vidole, macho yako kwingine, mdomo unasimulia,
na nyumbani pia alichambua:
maharagwe, habari za redio, wachumba wa binti zake.
"Huyu ana tundu," alisema,
na kijana wa watu hakurudi tena.

Kisha mgomo wa sabuni.
Ndiyo, sabuni. Vumbi la magome haliondoki kwa maji matupu,
na watoto walikataa kunyonya maziwa yenye vumbi.
Siku tisa mashine zilinyamaza.
Askari wakachukua wanawake wanne, mmoja na mimba yake,
Deolinda, akajifungulia rumande.
Mtoto huyo ndiye Liberto, kinyozi wetu,
anayechelewa kila mahali kwa makusudi:
anasema kifungo alikianza mapema mno,
sasa anadai muda wake.

Ukumbi wa bendi tuliujenga wenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi.
Kila nyumba tofali ishirini.
Nyumba ya akina Caramelo ilileta kumi na tisa.
Haikuandikwa popote. Haikuhitaji kuandikwa.
Harusini, msibani, kwenye foleni ya mkate,
mtu angekohoa na kusema "kumi na tisa",
na Fausto Caramelo angetazama viatu vyake.
Akafa akivitazama.

Plastiki ilikuja, kiwanda kikafungwa mwezi wa Machi,
king'ora kikalia mara ya mwisho saa isiyo yake
na mbwa wote wakaelekea mlangoni kungoja watu.
Leo pale ni nyumba zenye madirisha mapana
na mapazia yasiyofunguliwa.
Duka la pembeni analo Yamuna Gurung, mtu wa milimani Nepali,
anakata ng'onda kwa msumeno
na anajua nani apewe mkia kwa mkopo.
Amejifunza tarumbeta. Vibaya. Tunampigia makofi.

Mwaka jana ukuta wa ukumbi ulipasuka upande wa jukwaa.
Tukiwa tumesimama pale, kila mtu na ushauri wake,
akapanda kilima mjukuu wa Fausto,
amebeba kitu kimefungwa gazetini, kama mkate.
Hakusema neno. Hakuna aliyekohoa.
Liberto ndiye aliyekoroga saruji,
na siku hiyo, mashahidi tupo, aliwahi.

Basi nimewapelekea manispaa hivi:

*Kilima cha Kizibo. Palikuwa na kiwanda.
Sabuni ilipatikana siku ya tisa.
Tofali la ishirini limefika.
Ukikuta mlango wa ukumbi umefungwa,
ufunguo uko kwa Yamuna.*

Maneno ishirini na manne. Yaliyobaki ni chenji yao.

Jibu limekuja leo, mstari mmoja, na mhuri:
*Tofali lipi?*

Nimewaambia wapande basi.