Muhuri wa Mlangoni

Nilipewa mlango. Wengine walipewa jukwaa,
maikrofoni, mashati ya kitenge yanayofanana.
Mimi nilipewa meza yenye mguu mfupi,
sahani ya kuwekea sarafu, na muhuri.

Muhuri wenyewe tuliuokota humuhumu ghalani,
nyuma ya mizani iliyoshika kutu,
tulipokuwa tukifagia mavi ya popo
ili tamasha la Chwele lipate pa kukaa.
Neno moja tu: IMELIPWA.
Chama cha miwa kilikuwa nao miaka yote ile
na sikumbuki siku hata moja
kilipoupiga kwenye karatasi ya baba yangu.

Sasa naupiga kwenye ngozi.
Hamsini mkubwa, ishirini mtoto,
nyoosha mkono, usifute, pita.
IMELIPWA, mwalimu Nabwile na wanakwaya wake.
IMELIPWA, vijana wa pikipiki wanaonuka petroli.
IMELIPWA, Sikuku, anayechora nyuso za watu
juu ya magunia ya mbolea, kwa makaa na udongo;
yeye ni msanii, halipi,
lakini alitaka muhuri, tena mikono yote miwili.

Kutoka hapa jukwaa silioni.
Naona migongo.
Mtu akikaa mlangoni jioni nzima
hujifunza kusoma wimbo migongoni mwa watu:
ule wa kina mama wa Namwela, vichwa vimeinama kidogo
kama wanaotafuta sindano;
ule wa vijana na kinanda chao cha umeme,
viwiko vinagongana, mtu anamwaga soda;
halafu kimya kinachotembea toka mbele kuja nyuma,
safu kwa safu, mpaka kinanifikia mimi,
na ndipo najua mzee Wafubwa amekalia kigoda
na anakaza nyuzi za litungu.

Alipita hapa saa kumi. Mikono ilikuwa ikimtetemeka,
nikadhani ni uzee, kumbe ni woga.
"Tangu tumzike Nangila sijapiga mbele ya watu,"
akaninong'oneza, kisha akaomba maji,
akanywa nusu, nusu akarudisha,
kama mtu aliyekopa.

Mvua ya mlimani haina adabu.
Ilishuka toka Elgon wakati huohuo,
ikamwagika juu ya mabati kama debe zima la mahindi.
Jenereta likakohoa mara mbili, likakata roho.
Nikasema, basi, tumekwisha.
Lakini migongo haikugeuka.
Ilisogea. Mabenchi yakaburutwa,
watu wakabanana kule mbele
hadi nyuma yote ikabaki sakafu tupu,
mimi, na sahani yangu.
Litungu sikulisikia. Mvua tu.
Niliona bega la Nabwile likianza,
kisha la jirani yake, kamabeka,
bega likiamsha bega
kwenye mwanga wa tochi za simu.

Nje, chini ya upenu, watoto saba,
walewale waliokuwa wakichungulia tunduni tangu mchana.
Nikawaita. Nyoosheni mikono.
Wino ulikuwa umeisha, mpira umelika upande mmoja,
kwao muhuri uliandika LIPWA tu.
Lipwa, nikawaambia. Na wewe, lipwa. Vua viatu, una matope.

Pesa zilikuwa elfu sita na mia tatu
na kifungo kimoja cha shati.

Nyumbani nilimkuta baba macho.
Aliapa zamani kwamba ghala lile halikanyagi tena,
na baba akiapa huwa ameapa.
"Wafubwa alipiga?"
Alipiga.
"Ukamsikia?"
Nikasema, mvua.
Akacheka mpaka akakohoa, akakaa kitako kitandani,
akakunja mkono wa sweta yake taratibu,
akanyoosha.

Muhuri ulikuwa kwenye mkoba. Mkavu kabisa.
Nikaupulizia pumzi, kama tulivyofanya shuleni
kalamu zikigoma.