Picha ya Tatu

Hombolo, kidato cha tatu, kipindi cha mwisho.
Upepo umekula nusu ya chaki yangu.
Nimefunga kamba ya katani toka dirisha hadi dirisha
nikaanika picha kwa vibanio, kama nepi.

Sinema nzima sina pa kuwaonyeshea, luku imekata juzi.
Niliisimamisha kwenye simu, usiku, mara tisa,
nikaenda kuchapisha mjini, Majengo, karatasi mia tano:
mama yuleyule, mlango uleule wa ghala.

Kitabuni, ukurasa wa sitini na moja,
mwandishi amempa maneno mawili:
*Hakulia. Alihesabu.*

Kwenye sinema analia.
Chozi limewashiwa taa yake peke yake,
linashuka taratibu kama kibarua anayelipwa kwa saa.
"Wamemsingizia," akasema Chilongani,
na darasa zima likaandika *wamemsingizia*
kwa kuwa niliitikia kwa kichwa.

Ya tatu niliitundika kwa kuchekesha tu.
Imezunguka simu hadi simu, mmeiona,
sura imekatwa shingoni, chozi limenakiliwa mno
hadi limebaki doa,
na juu yake mkono usiojulikana umeandika:
TAREHE KUMI NA MBILI. UNGA NUSU DEBE.
WAGENI WANNE WANAPIGA HODI.

Wakacheka. Nami nikacheka.
Sechelela Mlewa hakucheka.
Kwao uwele umekaukia kwenye bua mwaka huu.
Akasimama, kidole bado kwenye ukurasa:
"Mwalimu, huyu wa simu ndiye aliyesoma kitabu."

Nilikuwa na jedwali ubaoni,
*kilichobaki, kilichoachwa, kilichoongezwa*,
na utani sikuwa nimeutengea safu.
Kengele ikaniokoa.

Akaomba picha. Jumatatu akairudisha
ina alama ya gumba, la mafuta ya alizeti,
pale pale penye doa.

Ni mama, akasema. Samahani, Mwalimu.
Herufi hazijui, sinema hajaiona.
Aliisogeza mlangoni penye mwanga,
akaliziba lile doa kwa gumba
kama mtu anayemfuta mwenzake vumbi,
akayatazama macho peke yake, muda mrefu,
mboga ikaungulia jikoni,
kisha akaniuliza:
huyu naye,
amebakiwa na debe ngapi?