Robota

Bi Mwantumu alileta flashi ndani ya fundo la khanga,
fundo lile lile la pesa,
dukani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
"Mambo ya marehemu. Yafungue,
lakini yasitoke humu kwenda kwa watu."

Faili moja tu. Limeshindiliwa
kama robota la mkonge kule Kigombe
alikosimamia mashine miaka kumi na tisa.

Nikachomoa waya wa intaneti,
nikampa ncha yake aishike.
"Sasa hata nikitaka kukuibia, sina njia."
Akaushika kama mtu aliyekabidhiwa mkia wa nyoka.

Msimbo niliuandika mwenyewe, usiku ule bando lilipokata:
kivinjari kinasoma baiti, kinaitafuta orodha
(orodha ya furushi hukaa mwisho,
kama wasia),
kisha kinakata kamba, moja, nyingine,
humu humu, kwenye kumbukumbu ya mashine hii kuukuu.

Stakabadhi. Hati ya kiwanja cha Pongwe.
Picha ya ng'ombe, sijui kwa nini.
Halafu jalada: "Sikudhani wa Korogwe".
Nikasita. Akaniambia bonyeza.
Ndani, hamna. Baiti sifuri.

Feni ilizunguka, ikakwaruza, ikazunguka.

"Hilo angelijaza lini?" akasema,
akaligusa fundo la khanga.
"Nauli ilikuwa humu."

Nikafunga dirisha. Mashine ikasahau yote.
Waya bado ameushika.