Ugonile, Mzani

Kifaa kipya, namba saba, kimeunganishwa.
Kifaa namba saba kimekatika.
Kifaa kipya, namba nane.

Ndivyo kompyuta ilivyoandika asubuhi nzima,
mstari juu ya mstari, bila kupandisha sauti,
na mvua ya Ikuti inapiga bati la kituo,
na vikapu vya chai vinachuruzika mlangoni.

Mzani ni ule ule. Tundu la USB ni lile lile.
Lakini ukikatika, unarudi na namba nyingine,
kama mdaiwa anayebadili jina kila nyumba anayolala.

Kati ya namba kumi na moja na kumi na mbili
zikapotea kilo kumi na nne za Bi Nsubisi Mwakalukwa.
"Nimechuma tangu umande," akasema.
"Kikapu hiki hapa. Mgongo huu hapa.
Hiyo televisheni yako inasema sikuja?"

Nikaandika kwenye daftari.
Karani wa chama hataki daftari.

Wajuzi hawakukosa. Ambokile wa bodaboda: zima, uwashe.
Nikazima, nikawasha; namba zikaanza upya,
tatu, nne, tano, zikakimbia vile vile.
Karani: ni virusi.
Mwalimu Gwamaka, akikunja mwavuli:
mngenunua mfumo wa kulipia, cha bure ni cha bure.

Hapo nilikasirika.
Cha bure hiki, Mwalimu, milango yake haina kufuli.

Jioni nikabaki peke yangu, koti begani, baridi miguuni,
nikaingia ndani, faili hadi faili.
Humo kila kitu kina karatasi yake,
hata mzani wa chuma, na kwenye karatasi yake
mtu alikuwa ameandika, kwa nia njema kabisa:
usipoguswa sekunde mbili, lala, tuokoe umeme.

Sijui ni nani. Namwona mbali,
kompyuta mapajani, betri inakaribia kukata roho.
Hakujua kwamba hapa watu wanapanda mlima na mzigo,
wanafika mmoja mmoja,
na kati ya kikapu na kikapu kuna kukung'uta matope,
kuna salamu.
Na sisi salamu yetu haiishi kwa sekunde mbili.
Ugonile? Umelala salama?
Watoto je? Ng'ombe yule aliyechechemea?
Migomba, upepo haukuiangusha?
Ndaga, ndaga.
Tukigeuka, aliyelala ni mzani.

Nikafuta neno moja, nikaandika jingine: kaa macho.
Nikaliandika tena pale panaposomwa mashine inapoamka,
isije ikasahau kwa kuzimwa.

Kesho yake namba tatu ikashika.
Saa mbili, namba tatu. Saa nne, namba tatu.
Nikaanza kujisifu moyoni, na sifa ni mbaya:
saa tano na dakika tisa,
kifaa namba tatu kimekatika.

Sasa sikufungua faili. Nilipiga magoti.
Nikaufuata waya kwa vidole, kutoka kwenye mzani,
ukutani, chini ya meza, hadi kwenye mguu wa benchi langu.
Pale. Ganda limepasuka, shaba imeota kijani.
Kila nilipoinama mbele kumpokea mtu
benchi liliukanyaga.
Kosa la pili lilikuwa uzito wangu,
na mzani haukuwahi kuupima.

Waya mpya Tukuyu, shilingi elfu sita, mfupi, haufiki sakafuni.

Leo namba tatu imekaa kutwa.
Zile kilo kumi na nne bado; chama kinasema kikaoni,
kikao kinasema mwisho wa mwezi.
Bi Nsubisi anatua kikapu chake
wala hanitazami. Anauinamia mzani,
maji ya kanga yakidondokea sahani yake:
"Ugonile?"

"Kumi na sita nukta mbili," najibu kwa niaba yake.
Naye anasubiri hadi aione imeandikwa.